KUSOMA BILA KUJUA, KUJUA BILA KUSOMA
Maneno tuliyosema mbele ya wazazi na walimu, Lubumbashi

Wandugu, baba na mama, walimu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma mlangoni,

Tumeitwa leo juu ya ugomvi, tusifichane. Katika masomo ya watoto wetu wazazi wamegawanyika sehemu mbili, na walimu vile vile. Kundi la kwanza lasema: mtoto hajui kusoma, hajui kuhesabu, basi tuondoe mambo mengine yote, tuondoe historia, tuondoe jiografia, tuondoe habari za mimea na za mwili wa mtu, saa zote ziwe za a-e-i-o-u na za hesabu mpaka ajue. Kundi la pili lasema: hapana, huko ni kumrudisha mtoto nyuma, mpeni elimu kamili, tena mpeni kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza, maana mtihani wa Leta hauulizi a-e-i-o-u.

Tumesikiliza makundi yote mawili, jioni nyingi. Sisi twaona kila moja lina sababu yake. Twaona pia kwamba kila moja, likiachiwa masomo peke yake, litamharibu mtoto. Basi mtuvumilie kidogo tueleze.

Tuanze na kundi la kwanza, kwa kuwa hofu yao ni ya kweli. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilitangaza hesabu yake juu ya Kongo: katika watoto 100 wenye umri wa miaka kumi, 97 hawawezi kusoma hadithi fupi na kuielewa. Tisini na saba! Wakalisheni watoto mia moja katika kiwanja, wapeni karatasi yenye hadithi ya mbuzi na chui, kisha waulizeni mbuzi alifanya nini. Watatu watajibu. Wengine wataangalia karatasi kama mtu anavyoangalia ukuta.

Wako wanaosema kosa ni la masomo ya bure. Sisi hatukubali. Katiba ya mwaka 2006, katika artikulo 43, iliandika kwamba masomo ya msingi ya serikali ni bure na ni lazima kwa kila mtoto. Maneno hayo yalikaa katika karatasi miaka kumi na mitatu, na kwa wakati wote huo, kama tangu miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyemlipa mwalimu kutoka mfuko wake. Asiye na franga mtoto wake alifukuzwa, akakaa nyumbani au akaenda kuokota mawe ya shaba. Mwezi wa tisa mwaka 2019 mlango ulifunguliwa na watoto wakaingia kwa wingi. Benchi la watoto watatu likakaliwa na sita. Wale sita tulikuwa nao zamani vile vile, ila watatu wao hatukuwaona kwa sababu walikuwa nje. Basi tusiseme masomo yameharibika juu ya maskini kuingia.

Lakini, wandugu wa kundi la kwanza, dawa mnayotaka sisi watu wa Kongo tulikwisha kuinywa. Waulizeni wazee. Mwaka 1929 Wabelgiji walipanga mpango wa masomo ya wenyeji, wakaukabidhi mikononi mwa misioni. Masomo ya daraja la kwanza yalikuwa miaka miwili, ya daraja la pili miaka mitatu. Mtoto alifundishwa dini, kusoma, kuandika, kuhesabu, usafi wa mwili, na kazi ya mikono, hasa kazi ya shamba. Kwa mtoto wa kijiji hayo yalitosha, ndivyo walivyoona wao. Wachache walipita mbele wakawa makarani, walimu au mafundi. Kwa mambo ya fikira ulikuwa mlango mmoja tu karibu, mlango wa seminari, na kwa njia hiyo mtu kama Stefano Kaoze, wa huko kwetu upande wa Tanganyika, alifika kuwa padri wa kwanza wa Kongo mwaka 1917.

Mliona matunda yake. Mwaka 1960, uhuru ulipofika, watoto zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa katika masomo ya msingi, hesabu kubwa kuliko ya makoloni mengi ya Afrika. Na watu wetu waliokuwa wamemaliza chuo kikuu? Hawakufika hata thelathini kwa inchi nzima. Thomas Kanza, wa kwanza asiye padri kupata cheti cha chuo kikuu, alikipata mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Si kwamba watoto wale milioni moja na nusu walikuwa wajinga. Walifundishwa kusoma kiasi cha kusoma amri, na kuhesabu kiasi cha kuhesabu magunia ya mtu mwingine. Basi mtu akisema leo, historia itakuja baadaye, fikira zitakuja baadaye, tumwulize: baadaye gani? Mtoto wa maskini mara nyingi hutoka katika masomo kabla ya hiyo baadaye kufika.

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa tutawauma watu wengine.

Baada ya uhuru, tangu mwaka 1962, serikali iliamuru Kifaransa kiwe lugha ya masomo yote. Twafahamu sababu. Wazazi wa wakati ule walikuwa wameona namna mzungu alivyozitumia lugha zetu kwa kuwaweka chini. Chukueni vitabu vingi vya Kiswahili walivyoandikiwa wazungu wa Katanga wakati ule: maneno mengi ni ya kuamuru, leta, beba, fanya upesi. Mzazi aliyesikia Kiswahili cha namna hiyo siku nzima kazini hakutaka mtoto wake afundishwe kwacho. Tunamheshimu.

Lakini ingieni leo katika darasa lolote. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili. Mwalimu anasema, watoto wanaitikia wote pamoja kwa sauti nzuri. Ukipita njiani utafikiri hapa elimu imejaa mpaka inamwagika. Fungua daftari la mtoto utakuta kurasa safi juu ya mimea inavyopata chakula kwa mwanga wa jua, yote kwa Kifaransa, bila kosa. Mwulize kwa lugha ya nyumbani: jani hufanya kazi gani? Hajui. Mfunikie mstari mmoja kwa kidole, umwombe asome neno moja peke yake, silo wimbo wote. Hawezi. Huyo mtoto hana kusoma wala hana elimu. Ana sauti tu.

Basi kusoma ni nini? Tuliangalie jambo hili vizuri, maana ugomvi wote umefungwa humo.

Chukueni mstari huu: «Wazee waliyeyusha shaba katika tanuru la udongo wakatengeneza misalaba.» Mtoto aliyefundishwa silabi vizuri atasoma ta-nu-ru bila shida. Lakini kama hajui tanuru ni kitu gani, amesoma nini? Tena anaposikia misalaba atafikiri habari ni ya kanisa. Mtoto mwingine amekwisha kuona watu wakichoma matofali, wanavyochukua udongo wa kichuguu, wanavyoyapanga matofali na kuacha tundu la moto chini. Mwalimu akimwambia: tanuru ni lile, ila hapa waliweka mawe ya shaba na makala, wakapuliza kwa mivukuto mpaka shaba ikayeyuka kama mafuta, na ile misalaba ilikuwa mali, watu walilipia nayo na walizikwa nayo. Mtoto huyo sasa anasoma kweli. Na neno alilolipata leo litamsaidia kesho katika mstari mwingine.

Mwaka 1988 huko Marekani wataalamu wawili walitoa habari ya jaribio lao. Walichukua wanafunzi 64, wengine wasomaji hodari, wengine wasomaji dhaifu. Na katika kila upande wako waliojua sana besiboli, ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa fimbo, na wasioujua. Wote walisoma habari ya mchezo mmoja, kisha wakaambiwa waonyeshe kwa vinyago vidogo namna mchezo ulivyokwenda. Wasomaji dhaifu waliojua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Jambo hilo sisi wa Lubumbashi tungeweza kuwaambia bila jaribio! Mpeni kijana wa hapa, hata yule anayesoma kwa kukwama, gazeti lenye habari za Mazembe: kikombe cha Afrika cha mwaka 1967 na cha 1968, tena 2009, 2010, 2015, na siku ile ya mwaka 2010 ilipofika mpaka mchezo wa mwisho wa kikombe cha dunia cha timu, ikafungwa na Inter. Atakwama katika neno, atarudi, atabahatisha, atafika mwisho, na atakueleza zaidi ya kilichoandikwa. Mpeni karatasi juu ya jambo asilolijua hata kidogo, ataitupa kabla ya mstari wa tatu.

Kwa hiyo kundi la kwanza likiondoa historia na jiografia na habari za viumbe ili mtoto ajue kusoma, linaondoa kuni ili moto uwake. Na kundi la pili likimlundikia mtoto kuni mbichi bila kumfundisha kuwasha, naye anakaa gizani.

Hapa mtu atauliza: lakini saa ni chache, watoto ni mia, mwalimu ni mmoja, utafanyaje yote mawili? Swali zuri. Jibu letu ni kwamba mtoto mdogo ana njia mbili, na kila njia ina mwendo wake. Sikio lake liko mbele sana ya jicho lake. Mtoto wa miaka saba anayesumbuka kusoma ba-be-bi anaweza kusikiliza habari ndefu ya vita, ya safari, ya ugonjwa, na kuuliza maswali yatakayokushinda wewe mkubwa. Basi katika miaka ya kwanza tusingojee jicho. Herufi zipite kwa jicho na mkono, pole pole, kila siku bila kukosa. Elimu ipite kwa sikio na mdomo. Mwaka wa tatu au wa nne njia mbili zinakutana, na siku hiyo mtoto anakuta katika kitabu mambo ambayo sikio lilikwisha kumwambia.

Kwa jicho tuna bahati ambayo Mfaransa hana. Kiswahili kina vokali tano, kila moja na sauti yake moja. Silabi za kujifunza ni kama mia moja na zaidi kidogo. Mtoto akizishika, anaweza kulitamka karibu neno lolote la Kiswahili litakalokuja mbele yake, hata la kitabu kikubwa. Kifaransa huandika sauti moja ya «o» kwa namna nyingi, mara o, mara au, mara eau, tena huongeza herufi za mwisho zisizosemwa. Kumwanzisha mtoto hapo, katika lugha asiyoisikia nyumbani, ni kumfunga mizigo miwili kichwani kwa safari ya kwanza. Sheria ya masomo ya mwaka 2014 yenyewe yakubali lugha zetu zifundishie. Kifaransa kitakuja, na lazima kije, tena kwa nguvu. Hakuna hapa anayetaka mtoto wake abaki mlangoni mwa ofisi. Lakini kikija juu ya mtoto anayejua kusoma na anayejua mambo, atajifunza majina mapya ya vitu anavyovijua.

Tutoe mfano wa mtu wa mji huu, maana mifano ya mbali huchosha. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba, wale walioitwa maboyi, kilitoa kitabu kidogo chenye historia ya mji wa Elisabethville. Aliyekitengeneza aliitwa André Yav. Kiliandikwa kwa Kiswahili cha hapa hapa, kikianza na siku za mfalme Leopold wa Pili mpaka mwaka ule wa 1965. Humo mlikuwa habari ambazo hakuna mzungu aliyeziandika, kwa sababu mtumishi aliyesimama nyuma ya meza alisikia yote. Watu hao masomo yao yalikuwa madogo. Na yanaonekana: maneno yameshikana, yamekatwa mahali pasipo pake, mpaka mwanachuoni Johannes Fabian na wenziwe walipotaka kukifahamu iliwabidi kwanza kisomwe kwa sauti, sikio lisaidie jicho. Kitabu hicho kilichapishwa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu wa ulaya na Marekani wanakisoma.

Kila kundi lichukue sehemu yake hapo. Ninyi wa kundi la kwanza: watu wale waliandika kwa sababu walikuwa na jambo la kuandika, na jambo hilo hawakulipata katika kuimba silabi. Ninyi wa kundi la pili: kama wangefundishwa vizuri ile kazi ndogo ya kutenga neno na neno, habari yao ingetufikia wajukuu bila kungoja mgeni atusomee. Ni wangapi wengine waliojua mengi kama wao wakafa na maneno tumboni, kwa kukosa ile kazi ndogo?

Hesabu ni vile vile, tusikae sana. Mama anauza unga. Tuseme kopo moja ni franga 2500. Mteja anachukua makopo matatu, anatoa noti ya 10 000. Mtoto anayeshika mali ya mama lazima ajue palepale kurudisha 2500, pasipo kuhesabu vidole wala kutafuta simu. Hiyo ni kazi ya kukariri, tena kukariri sana, na walimu wanaocheka kukariri hawajauza unga. Lakini mtoto huyohuyo aulizwe: kwa nini unga unapanda bei mwezi wa pili? Hapo itabidi ajue mvua huanza lini, mahindi huvunwa lini, ghala za nyumba huisha lini. Ajue kwamba mji wetu haujilishi wenyewe, kwamba mahindi mengi hutoka Zambia yakipita Kasumbalesa, na kwamba mpaka ukifungwa siku chache sufuria zetu zinasikia. Ajue mji huu ulijengwa juu ya shaba, iliyoyeyushwa hapa mara ya kwanza na Union Minière mwaka 1911, na wafanyakazi wake walilishwa kwa mahindi ya kununuliwa toka zamani hizo. Yule wa hesabu peke yake atakuwa mwuzaji mzuri wa unga wa watu. Yule wa maelezo peke yake atadanganywa chenji. Sisi twataka mtoto mmoja aliye na yote mawili, awe wa tajiri awe wa mchimbaji.

Sasa tunayoomba. Walimu, tumekaa nanyi na mmekubali kujaribu mpaka mwisho wa mwaka. Asubuhi, mtoto akiwa bado na nguvu, saa nzima ya kusoma kwa Kiswahili katika madarasa matatu ya kwanza, wawili wawili, kila mmoja kwa mdomo wake na kidole chake chini ya neno, si kuitikia kwa pamoja. Kisha hesabu. Kifaransa kwa mdomo kidogo kila siku, nyimbo, salamu, majina ya vitu. Na nusu saa ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani ni ya kusikiliza: jambo moja kwa juma zima. Juma la shaba. Juma la maji na kipindupindu, mtoto ajue ni vijidudu gani tunaviua tunapochemsha maji, asichemshe kwa sababu bango limeamuru. Juma la mahindi. Juma la namna mji huu ulivyoanza. Ijumaa mwalimu anaandika ubaoni mistari minne juu ya jambo hilohilo, na watoto wanaisoma.

Baba na mama, ninyi hamna budi kusaidia katika hiyo nusu saa, maana mwalimu hana vitabu. Tunataka mzee aliyefanya kazi katika tanuru aje aeleze. Tunataka mama aliyesafiri Kasumbalesa miaka ishirini aje aeleze namna gunia linavyopita mpakani. Vijana mnaojua kuandika, mtakaa pembeni mkiandika wanavyosema, maneno yakitengana vizuri, na madaftari hayo ndiyo yatakayokuwa vitabu vya darasa la tatu mwaka ujao. Mzazi anayeogopa kwamba mtoto wake anapoteza Kifaransa aje darasani mwezi wa sita, afungue ukurasa autakao, amwambie mtoto yeyote asome na aeleze. Tukishindwa, atuambie mbele ya watu.

Madaftari kumi na mawili yako hapa mezani, na kalamu. Wazee wanaokubali kuja juma la kwanza waandikishe majina kwa mwalimu kabla ya kutoka. Mama aliyeinua mkono tangu mwanzo, tafadhali, neno ni lako.